Skana inakatakata na mistari imejaa: nimeongeza antena, imezidi kuharibika

BabaMoraa (Brooklyn Park, Minnesota)

Hamjambo wandugu. Naomba msaada kabla Mama Moraa hajatupa hiki kitu kwenye theluji.

Nina skana ya mkononi (redio ya kusikiliza mawasiliano ya wazimamoto na wenzao), ya 2015 hivi, niliyoinunua kwa mtu kwa dola 280. Inafungua P25, mfumo wa dijitali wa redio za idara za dharura, Phase 1 na Phase 2, yaani toleo la kwanza na la pili. Naitumia kusikiliza wazimamoto na magari ya kuondoa theluji kwenye ARMER, ule mtandao wa jimbo zima unaotunzwa na watu wa barabara, MnDOT. Kwa wasiojua kwa nini mtu mzima anakaa kusikiliza wazimamoto: tarehe 22 Mei 2011 nilikuwa nakaa North Minneapolis. Jumapili mchana, nimelala, nimetoka kazi ya usiku. King'ora kikalia, nikajifunika blanketi kichwani nikijua ni majaribio. Kimbunga kilipita mitaa michache kutoka kwangu. Tangu siku hiyo nataka kusikia mambo yakiwa bado yanatokea.

Sasa shida yenyewe. Mistari ya nguvu ya mawimbi kwenye kioo imejaa, mitano kwa mitano, lakini sauti inakatwa vipande vipande. Mtu wa kituoni anataja namba ya gari, anataja barabara, akifika kwenye namba ya nyumba skana inameza. Wakati mwingine inatoa sauti ya mtu anayeongea huku akisukutua maji. Halafu ghafla dakika mbili safi kabisa, kisha inarudi kule kule.

Nimejaribu nini? Kwanza nilinunua antena ndefu zaidi. Ikasaidia kidogo, au labda nilitaka tu isaidie. Mwezi wa kumi nikapanda paa kabla baridi haijashika, nikafunga antena ya kupokea pande zote, waya mita 12 mpaka sebuleni, na amplifaya ya dola 45. Mistari ikatoka mitatu ikawa mitano. Sauti ikawa MBAYA ZAIDI. Yaani nimelipa pesa kuharibu.

Kitu kingine kinachonichanganya: redio ya hali ya hewa ya NOAA, 162.550, kwenye skana hiyo hiyo na antena hiyo hiyo, ni safi kama maji ya mtungi. Kwa hiyo waya si mbovu. Skana imekufa, au mimi ndiye sielewi?

---

Simu_Tu

Kaka si usikilize kwenye simu? Broadcastify iko, ile tovuti ambapo watu wanarusha sauti za skana zao, bure.

---

BabaMoraa

Ninayo. Inachelewa, na anayerusha yuko upande mwingine wa mji, anachagua yeye nisikie nini. Gari la zimamoto linapita dirishani kwangu, simu bado inanieleza habari ya paka aliyekwama mtini.

---

FundiKisauni (Mombasa)

Bwana BabaMoraa, pole kwa paa. Skana yako haijafa. Mimi nimezeeka kwenye mitambo ya kurusha matangazo, skana za huko kwenu sina, lakini ugonjwa huu naujua kwa jina. Unaitwa simulikasti.

Sehemu ya kaunti ya Hennepin unakokaa, mnara hauko mmoja. Ipo mingi, na yote inarusha kitu kile kile, kwa masafa yale yale, kwa wakati ule ule. Saa zao zinafungwa kwa GPS ili zisipishane. Wanafanya hivyo kwa sababu nzuri: masafa ni machache, na afisa anapozunguka kaunti nzima redio yake haihitaji kuhama chaneli.

Sasa hebu niwapeleke uwanja wa Tononoka siku ya mkutano wa hadhara. Spika moja imefungwa jukwaani, nyingine upande wa pili wa uwanja, mita mia mbili. Msemaji ni mmoja na maneno ni yale yale. Ukisimama karibu na jukwaa unaelewa. Ukisimama katikati kamili, zote zinakufikia pamoja, unaelewa. Lakini ukienda kwa muuza miwa, pale ambapo ile ya mbali bado ina nguvu lakini imechelewa kama robo sekunde nyuma ya ile ya karibu, unasikia "ndugundugu wananwananchinchi". Sauti ipo ya kutosha. Imezidi, hasa. Kilichopotea ni maneno.

Skana yako imesimama kwa muuza miwa.

Kwa redio hesabu ni hii. Mawimbi yanakwenda mita 300 kila mikrosekunde. Mnara mmoja ukiwa kilomita 10 mbali zaidi ya mwingine, nakala yake inafika ikiwa imechelewa mikrosekunde 33. P25 Phase 1 inatuma alama, yaani vipande vidogo vya data, 4,800 kwa sekunde, maana yake kila alama inakaa mikrosekunde 208. Ukichelewesha nakala moja kwa 33 tayari umekula karibu sehemu ya sita ya kila alama, na jirani yake anaanza kuingia kitandani mwake. Phase 2 ni mbaya zaidi, alama 6,000 kwa sekunde, kila moja mikrosekunde 167 tu.

Ndiyo maana mistari imejaa. Mistari inapima nguvu, haipimi kama kinachoingia kinasomeka. Ulipopanda paa ukafunga antena ya pande zote, uliiondolea nyumba yako kazi ya maana iliyokuwa ikiifanya bila wewe kujua, kuziba mnara mmoja au miwili kwa ukuta. Amplifaya nayo haina akili, inakuza mnara unaoutaka na ule usioutaka kwa usawa.

NOAA ni safi kwa sababu ni FM ya kawaida ya analogi, na hapo ulipo unaipata kutoka mnara mmoja. Hakuna wa kugombana naye.

---

Kijana_Ngamiani (Tanga)

Mzee Fundi shikamoo. Swali la kando: mbona king'amuzi changu hakisumbuki hivyo? Nasikia DVB-T2, ule mfumo wa TV ya dijitali ya antena, nayo inaweza kuwa na minara mingi masafa mamoja.

---

FundiKisauni

Marahaba mwanangu. Swali zuri. DVB-T2 ilibuniwa huku mwangwi ukijulikana. Kila alama yake ni ndefu sana na mbele yake imewekewa nafasi ya kusubiri, mwangwi ukifika ndani ya nafasi hiyo hauna madhara. P25 haina nafasi hiyo. Inategemea mpokezi awe mjanja, na redio za askari na wazimamoto ni wajanja kweli, zinapima ukubwa na pembe ya wimbi kwa pamoja halafu zinanyoosha kilichopinda. Skana nyingi za zamani zina sikio la FM tu, zinafuata masafa yakipanda na kushuka, basi. Minara miwili ikipigana wimbi linazama kwa kitambo kidogo, na sikio la FM hapo linasikia takataka.

---

DadaWaColumbus (Ohio)

BabaMoraa, nimecheka kwa huruma, mimi amplifaya nilinunua MBILI. Huku tuna MARCS, mtandao wa redio wa jimbo letu, nayo ina sehemu za simulikasti, kwa hiyo nimepita njia hiyo hiyo.

Fanya jaribio moja leo kabla hujatumia hata senti. Chomoa antena ya paa. Rudisha kale kafupi kalikokuja na skana. Washa ATT kama skana yako ina kitufe hicho, ile inayopunguza nguvu. Weka skana kwenye chaneli moja ya wazimamoto yenye maneno mengi, halafu tembea nayo ndani ya nyumba POLEPOLE. Usiangalie mistari hata kidogo. Kama skana inaonyesha hesabu ya makosa ya dijitali, angalia hiyo. Kama haina, tumia masikio.

Polepole maana yake nusu shubiri kwa wakati. Kwenye 850 MHz wimbi zima ni kama sentimita 35, kwa hiyo sehemu nzuri na sehemu mbaya zinaweza kupishana kwa upana wa kiganja. Watu wanajaribu sebuleni, wanajaribu chumbani, wanasema haikusaidia. Hawakujaribu kushoto na kulia kwa meza ile ile.

Ukipata nafuu kwa kupunguza nguvu, umethibitisha. Mgonjwa anayepona kwa kunyimwa chakula alikuwa amevimbiwa.

Na jambo moja la kuangalia: hakikisha hayo unayosema yanakatika si makundi yaliyofungwa kwa siri. Yaliyofungwa hayakatikikatiki, skana nyingi zinayanyamazia tu au zinaonyesha alama. Hayo hayana dawa, usihangaike nayo.

---

BabaMoraa

Dada, Mzee Fundi, acheni niwaeleze ya jana usiku.

Nimetoka kazini saa tano na nusu, nyumba imelala. Nimechomoa ya paa, nimeweka kale kafupi, ATT imewaka. Sebuleni: mbaya. Dirisha la jikoni, ambapo siku zote nimekuwa nikiiweka kwa sababu ndiko mistari inajaa: mbaya kuliko kote! Ngazini: hivi hivi. Nikashuka besimenti nikijua huko ndiko hakuna kitu kabisa. Mistari ikashuka mpaka mmoja, na mara nyingine hakuna hata mmoja. Nikaweka juu ya mashine ya kufua, karibu na tangi la maji moto.

Safi.

Yaani nimesikia moto wa jikoni kuanzia wito wa kwanza mpaka kamanda anasema wote warudi, sikupoteza neno. Namba ya nyumba nimeisikia! Nilisimama pale na koti la kazi nikicheka peke yangu.

Nikasogeza skana kiganja kimoja kuelekea ukutani. Ikaanza kusukutua maji. Nikairudisha. Safi. Nikaisogeza tena nione kama naota. Mama Moraa akafungua mlango juu ngazini akauliza naongea na nani saa saba ya usiku.

Sasa shida: sitaki kuishi besimenti na mashine ya kufua. Nataka isikike jikoni. Nikakumbuka maneno ya Mzee Fundi, nyumba inaziba mnara. Kama ukuta unaziba, bati haliwezi? Nikachukua sinia, lile kubwa la alumini la pilau, nikalisimamisha nyuma ya skana pale kaunta ya jikoni, nikalizungusha kama mtu anayetafuta chaneli ya KBC zamani zile na antena ya hanga. Upande wa mashariki, hakuna kitu. Upande wa kusini mashariki, sauti ikanyooka. Si kamili kama besimenti, lakini labda nane kati ya kumi.

Nieleze, Mzee. Nimegundua kitu au ni bahati?

---

FundiKisauni

Umegundua kitu, na watu wengi wamelipia pesa nyingi kugundua hicho hicho. Sinia linafanya kazi mbili: linaziba minara iliyo nyuma yake, na linarudisha mbele mawimbi ya mnara ulio upande wa skana. Jaribu kuliweka nyuma ya antena kwa umbali wa robo ya wimbi, kwenye 850 ni kama sentimita 9, upana wa vidole vinne na kidogo. Hapo kinachorudi kinakutana vizuri na kinachokuja. Hakikisha tu antena haigusi bati.

Kumbuka lakini: si lazima utake mnara wa karibu zaidi. Unautaka ule unaoweza kuutenga na wenzake. Kuna watu wanaelekeza upande usio na akili, mbali na mji, wanapata safi, kwa sababu upande ule mnara ni mmoja.

---

Mwanaridhaa_TX (karibu na Dallas)

Nimeona mada nikasema lazima niingie, hapa kwetu simulikasti ni chakula cha kila siku.

Sinia ni daraja la kwanza. Daraja la pili ni Yagi ndogo ya 800 MHz, antena inayosikia upande mmoja. Kwa masafa hayo ni fupi, unaweza kuifunga ndani ya dari, hakuna jirani atakayelalamika. Faida yake ni pale mbele inaposikia na pembeni inapokuwa kiziwi, huo ukiziwi ndio unaoulipia. Usiweke juu sana. Najua inauma kumwambia mpenda redio aweke antena chini, na mimi ilinichukua mwaka kukubali.

Ndani ya skana: kama ina sehemu ya kurekebisha kiwango cha P25 kwa mkono, jaribu namba moja moja huku ukisikiliza. Itasaidia kidogo, usitegemee muujiza. Usipoteze muda na NAC, ile namba ya utambulisho inayorushwa pamoja na sauti, kuna atakayekushauri uiweke ili "kuchagua mnara". Minara yote ya simulikasti moja inatumia NAC ile ile, huwezi kuitenganisha kwa hiyo.

Daraja la mwisho ni kubadilisha sikio lenyewe. Uniden SDS100 iliyotoka 2018, na ndugu yake ya mezani SDS200 ya mwaka uliofuata, zinapokea kwa njia ile aliyoeleza Mzee, zinachukua wimbi zima na kuliacha lisomwe na programu. Mimi ninayo SDS100. Simulikasti iliyonitoa machozi miaka minne ikawa mazungumzo ya kawaida siku ya kwanza. Lakini ni kama dola 700, na betri yake inakula kama kijana wa sekondari.

Neno la mwisho, si la antena. BabaMoraa, Minnesota hairuhusu kuwa na redio ya kusikia masafa ya polisi ndani ya gari bila kibali. Nyumbani hakuna neno. Ukitaka kuibeba garini, njia nyepesi ni leseni ya redio ya ridhaa, maana wenye leseni hiyo wana msamaha. Mtihani wa kwanza ni maswali 35, ukipata 26 umepita. Wewe ambaye umezungusha sinia saa saba ya usiku huwezi kushindwa.

---

DadaWaColumbus

Naongeza daraja ambalo Mwanaridhaa ameliruka kwa sababu ana hela.

Una laptopu ya zamani? Nunua vidude viwili vya USB vya RTL-SDR, vinavyoigeuza laptopu kuwa redio, kila kimoja ni dola 30 mpaka 40. Weka programu ya SDRTrunk, ni ya bure. Kwenye mpangilio wa P25 Phase 1 itakuuliza aina ya moduleshini, yaani namna wimbi linavyobebeshwa data: C4FM ya kawaida, au ile ya simulikasti iliyoandikwa LSM. Chagua LSM. Hapo ndipo watu wengi wanakosea, wanaacha ile ya kawaida kisha wanasema programu ni mbovu. Mimi pia nilisema hivyo, wiki nzima.

Vidude viwili kwa sababu kimoja kinaona upana wa megahezi 2.4 tu kwa wakati, na masafa ya eneo moja mara nyingi yametawanyika zaidi ya hapo. Kingine: usipandishe gain, kiwango cha kukuza mawimbi, mpaka mwisho. Anza chini, panda hatua moja moja, ukiona makosa yanaongezeka, rudi. Ni somo lile lile la amplifaya.

Kwangu laptopu iko kabatini na nguo za baridi, inarekodi, mimi nasikiliza kwenye simu nikiwa napika. Mume wangu alikuwa anaiita "redio ya wachawi" mpaka siku njia yake ya kwenda kazini ilipofungwa kwa ajali na mimi nikamwambia kabla hajatoa gari.

---

BabaMoraa

Ripoti ya wiki mbili.

Vidude vimekuja, laptopu ni ile ya Moraa ya shule ya kati, kibonyezo cha herufi E kimeng'oka. Nimeiweka besimenti kwenye rafu juu ya mashine ya kufua, na kale ka-antena kafupi. Nilianza na C4FM kwa makusudi nione: makosa mengi, sauti ile ile ya kusukutua. Nikabadilisha kuwa LSM bila kugusa kitu kingine chochote. Nikasikia dereva wa gari la theluji akimwambia mwenzake chumvi inamwishia na anarudi yadi. Sentensi nzima, na akacheka mwishoni, na kicheko nacho nikakisikia.

Mashine ya kufua ikizunguka kwa kasi inaongeza makosa kidogo. Sijui ni injini yake au ni mtikisiko wa waya. Nimehamisha rafu nitaona.

Skana ya mkononi bado iko jikoni na sinia nyuma yake, sentimita 9, nimepima kwa rula. Ila Jumamosi tuna wageni, Mama Moraa anataka sinia lake na hataki kusikia habari ya robo ya wimbi. Mwanaridhaa, bati la kuokea keki linatosha, au lazima liwe pana?

Na kesho, kama upepo utatulia, napanda kushusha ile antena ya mwezi wa kumi. Aliye karibu na Brooklyn Park na anataka amplifaya, aje aichukue, ni bure. Ni nzuri sana, inaongeza kila kitu.

---

Mwanaridhaa_TX

Bati la keki linatosha. Lisimamishe wima, urefu ufuate antena. Na funga kamba ukipanda paa, tafadhali.